Shahada ya uhasibu na kazi ya duka Ngamiani: nikubali au niendelee kusubiri ajira?

Binti Makorora anauliza:

Assalaam alaykum, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga mjini, na ninaishi kwa wazazi wangu. Nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka 2022, na tangu hapo sijapata kazi ya kueleweka zaidi ya vibarua vya msimu. Nimejisajili kwenye mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nimeitwa kwenye usaili wa mchujo zaidi ya mara moja, na safari ya mwisho nilivuka mchujo nikafika kwenye mahojiano, lakini jina langu halikutoka katika orodha ya waliopangiwa vituo. Kwa upande wa makampuni nimepeleka barua kuanzia viwanda vya upande wa Pongwe hadi ofisi za uwakala wa forodha zilizo karibu na bandari. Mara nyingi bahasha hupokelewa na mlinzi getini, huwekwa juu ya nyingine, na habari yake huishia hapo.

Nina mambo mawili yanayonisumbua, na ningependa yajibiwe na watu waliowahi kuajiri au waliowahi kukaa bila kazi kwa muda mrefu.

La kwanza ni hili. Kuna mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, anayefahamiana na baba, ambaye anahitaji mtu wa kukaa dukani kwake kupokea fedha, kutoa risiti na kuandika mali inayoingia na kutoka. Mshahara alioutaja ni mdogo, na habari ya mkataba haikutajwa kabisa. Mama anasema hakuuza vitumbua miaka yote ile ili mimi nikapime misumari, na kwamba nikishaingia dukani sitatoka tena. Baba hajasema neno, na katika nyumba yetu baba akinyamaza maana yake amekwisha kukubali.

La pili ni gumu zaidi kulieleza. Siku zangu zimepoteza mipaka. Naamka alfajiri nikiwa na nia ya kutafuta kazi, naswali, nafagia uwanja, nashika simu kuangalia kama kuna tangazo jipya, na nikija kuinua uso adhuhuri imeadhiniwa na hakuna nililolifanya. Jioni nimechoka kama mtu aliyeshinda akikata mkonge. Wenzangu niliosoma nao nimeanza kuwakwepa; juzi nilikwenda harusini nikakaa uani na wapishi ili nisiulizwe siku hizi niko wapi.

Nawaomba msinijibu kwa neno moja la "jiajiri". Kila mtu ameshaniambia hivyo, na bado hajatokea wa kuniambia nijiajiri kwa mtaji upi.

Karani wa Zamani anajibu:

Waalaykum salaam, mwanangu, marahaba. Nilifanya kazi ya utumishi kiwandani, katika mkoa huu huu, mpaka nikastaafu, kwa hiyo naweza kukueleza bahasha yako huenda wapi baada ya mlinzi kuipokea.

Huenda kwenye boksi lililo chini ya meza ya masjala, na hukaa humo hadi nafasi itokee. Nafasi nayo mara nyingi hutokea kwa ghafla: mtu ameacha kazi, au wakaguzi wametoa taarifa kwamba wanakuja, na meneja anataka mtu kabla ya mwisho wa wiki. Hapo hakuna anayekaa kitako kusoma barua zote zilizomo. Meneja huwauliza kwanza waliomo ndani kama kuna kijana wanayemfahamu, na akipatikana wa kutajwa, ndipo barua yake husakwa ndani ya boksi ili faili likamilike. Sisemi kwamba ni haki, ila kwa kazi ya fedha jambo hili lina sababu yake. Mwajiri wa hapa kwetu hamwogopi sana mhasibu asiyejua, kwa kuwa huyo atafundishwa; anamwogopa mhasibu ambaye hakuna anayemjua.

Hili halipo Tanga peke yake. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na watu wenye taaluma waliokuwa wamebadilisha kazi katika kitongoji kimoja cha Boston. Wengi walikuwa wamepata kazi kwa kuambiwa na mtu, lakini aliyewaambia kwa kawaida hakuwa ndugu wala rafiki wa kila siku. Alikuwa mtu wanayeonana naye mara moja moja, pengine waliyewahi kufanya naye kazi zamani. Ukifikiri utaona kwa nini ikawa hivyo: ndugu zako na marafiki zako wa Makorora wanazijua habari zile zile unazozijua wewe. Habari mpya huletwa na mtu anayeishi katika mzunguko mwingine.

Sasa litazame lile duka kwa jicho hilo. Nani hufika kwenye kaunta ya vifaa vya ujenzi? Hufika makandarasi, madereva wa malori, walimu wakuu wanaojenga madarasa, watu wa manunuzi wa makampuni, na masonara na matajiri wa mjini wanaojenga nyumba za kupangisha. Kila mmoja wao atakuona ukihesabu fedha yake mbele yake na kumpa risiti sahihi. Katika kipindi cha mwaka mmoja utakuwa umefahamika kwa uaminifu na watu ambao bahasha yako isingewafikia kamwe. Kwa sababu hiyo, kwa upande wangu, nakubaliana na ukimya wa baba yako.

Lakini usiende bila maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: cheo, majukumu, mahali, saa, mshahara. Dukani watakuambia "sisi ni watu wa nyumbani, karatasi za nini". Jibu kwa upole kwamba karatasi unaiandaa wewe mwenyewe, ukurasa mmoja, yeye asome na asaini. Katika nafasi ya cheo usiandike muuzaji. Andika mtunza hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe na ndilo neno litakalosomwa kwenye wasifu wako baadaye. Uliza pia habari za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu hukatwa kwa mfanyakazi na nusu hutolewa na mwajiri. Mwenye duka dogo huona ni mzigo, na huenda mkabishana, lakini liulize kabla hujaanza, si baada ya mwaka. Pamoja na pensheni, mfuko huo una fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 kisha akaachishwa kazi pasipo kujiuzulu mwenyewe. Wewe leo hulistahili kwa sababu hujawahi kuchangia, na hii ni sababu nyingine ya kuanza kuchangia mahali fulani.

Mwana Mgandini anajibu:

Dada, mimi nauza vifaa vya umeme jirani na soko la Mgandini, kwa hiyo naongea kutoka upande wa ndani wa kaunta. Mama yako ana haki ya kuogopa, ila anadhani kazi yenyewe ni kupima misumari. Misumari ina kijana wake. Wewe unatafutwa kwa sababu ya daftari.

Duka la namna ile lina hesabu kadhaa ambazo mwenyewe anazo kichwani na hazijawahi kukutana kwenye karatasi moja. Kuna fedha iliyomo kwenye droo. Kuna mali iliyomo stoo, ambayo sehemu yake kubwa imechukuliwa kwa mali kauli kutoka kwa muuzaji wa jumla Dar es Salaam na italipiwa ikishauzwa, ingawa kwa macho inaonekana ni ya tajiri. Kuna madeni ya mafundi, ambao huchukua saruji Jumatatu kwa ahadi kwamba mwenye nyumba atatuma fedha Ijumaa, na Ijumaa hiyo haisemwi ni ya mwezi gani. Juu ya hayo yote ipo mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ambayo biashara inapofungwa hutoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, na takwimu hizo ndizo TRA, mamlaka ya mapato, inazoziona. Mwenye duka akiulizwa kwa nini jumla ya ripoti za Z haifanani na fedha iliyopita benki, hukuna kichwa. Siku utakapomkalisha mwisho wa mwezi na kumwonyesha kwamba faida anayoisubiri imelala kwenye madeni ya mafundi watano, hatakuona tena kama binti wa rafiki yake aliyesaidiwa.

Jambo ambalo mimi ningelikazia kuliko mshahara ni makabidhiano. Usishike droo wala ufunguo wa stoo kabla hamjahesabu mali pamoja: mifuko ya saruji, nondo kwa unene wake (za milimita 10 mbali, za 12 mbali, za 16 mbali), mabati kwa geji yake, rangi kwa ukubwa wa kopo. Iandikeni, msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Nimeona mabinti wakikatwa mshahara kwa upungufu uliokuwepo kabla hawajakanyaga dukani, na hawakuwa na karatasi ya kujitetea. Vilevile karatasi za EFD hufifia. Piga picha au toa nakala ya kila ripoti ya Z siku hiyo hiyo, la sivyo mkaguzi akija mtamwonyesha vipande vyeupe.

Kuhusu neno usilolitaka, nitalisema kwa njia nyingine. Hapa mjini tuko wafanyabiashara wengi ambao hatuwezi kumlipa mtunza hesabu wa mwezi mzima, lakini tunamhitaji kwa siku moja au mbili katika mwezi. Aliyesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, anatakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwezi ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukipita mitaa ya barabara za Ngamiani tarehe 18 utawaona watu wazima wanatafuta risiti za manunuzi kwenye mifuko ya rambo. Ukishajulikana kwa tajiri mmoja, wengine watakuja wenyewe kuuliza kama una nafasi Jumapili. Mtaji wa kazi hiyo ni kalamu, kompyuta hata ya kuazima, na jina. Angalizo ni kwamba kumwandikia mtu vitabu ni jambo moja, na kujitangaza kuwa mshauri wa kodi anayemwakilisha mbele ya TRA ni jambo jingine linalotaka usajili. Usilianze hilo la pili kwa mkato.

Wapo watakaokuambia uchukue mkopo wa halmashauri. Fedha hiyo ipo kisheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, tena haina riba, lakini hutolewa kwa vikundi vyenye shughuli. Kukopa kwanza na kutafuta shughuli baadaye ndiko kunakowapeleka watu kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, pale marejesho yanapofika. Kaa ndani ya biashara ya mtu mwingine kwanza, uone zinavyotoka.

Msimamizi wa Leja anajibu:

Naheshimu waliotangulia, lakini naona wamelipamba duka kupita kiasi, kwa hiyo nitasimama upande wa mama.

Maduka mengi ya Ngamiani hufunguliwa asubuhi mapema na kufungwa jua likizama, siku sita kwa wiki, na wakati mwingine Jumapili nusu siku. Sheria ile ile aliyoitaja mzee wetu inasema saa za kawaida za kazi zisizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na zaidi ya hapo ni saa za ziada zinazolipwa, lakini hebu niambieni ni duka gani mnalolijua linalohesabu hivyo. Binti atarudi nyumbani saa moja usiku, miguu imevimba, na hatafungua kitabu. Hiyo ndiyo maana ya maneno ya mama kwamba hatatoka.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo ambalo halijaguswa. Dada, ukisoma vizuri matangazo ya Sekretarieti utaona kwamba Afisa Hesabu na Mhasibu ni nafasi mbili tofauti. Mwenye shahada peke yake huombea uafisa hesabu, na huko mnakutana wahitimu wa nchi nzima. Nafasi ya Mhasibu Daraja la II hutaka CPA(T), yaani cheti cha taaluma cha bodi ya wahasibu, na mlango huo una foleni fupi zaidi. Mitihani ya bodi hiyo, NBAA, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na mwenye shahada ya uhasibu hahitaji kuanzia ngazi ya chini kabisa. Ada ni kikwazo, sikatai, na ndiyo sababu pekee inayonifanya nilikubali duka: mshahara wake ulipie mtihani kabla haujalipia kitu kingine. Kama mshahara huo hautoshi hata ada ya masomo mawili kwa muhula, basi kazi hiyo inakupunguzia muda bila kukuongezea sifa, na ni bora uikatae.

Usilidharau pia ulilolifikia. Kuvuka mchujo hadi mahojiano ni kazi, kwa kuwa wengi huishia kwenye karatasi ya kwanza. Waliofaulu mahojiano lakini wakazidiwa na idadi ya nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na huweza kupangiwa nafasi ya aina hiyo ikipatikana baadaye, kwa hiyo angalia hali ya maombi yako ndani ya akaunti, na uhakikishe namba ya simu iliyomo ni ile unayoitumia leo. Hakikisha vilevile kwamba vyeti ulivyopandisha ni vyeti halisi, kwa sababu hati za matokeo ya muda hazikubaliki na watu huondolewa kwa hilo bila kuambiwa zaidi.

Kuhusu kujitolea, kwa kuwa najua kuna atakayelipendekeza: mimi nilijitolea katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaandika leja zao, nikabeba mafaili ya wakaguzi, na kila nilipouliza mwisho ni lini niliambiwa nivute subira. Niliyoyajifunza yalinifaa, ila nauli ilitoka kwa dada yangu. Kama utajitolea, iwe kwa barua yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Afadhali ufuatilie mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu unaosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia huduma zake za ajira, ambao una muda maalumu na utaratibu wa cheti.

Mama Ustawi anajibu:

Mwanangu, wenzangu wamejibu swali lako la kwanza kwa kirefu na la pili wameliruka, wakati mimi naona la pili ndilo lililokuleta. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii upande wa Pangani na Muheza, na hali uliyoieleza naifahamu.

Karibu na Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal ambacho takriban wakazi wake wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa miaka ya 1929 na 1930. Kundi la watafiti, mmoja wao akiwa Marie Jahoda, likaenda kuchunguza watu wanafanya nini na saa zao zote sasa kwa kuwa hawana kazi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1933. Walikuta kwamba maktaba ya wafanyakazi iliazimisha vitabu pungufu kwa karibu nusu, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Walikaa dirishani wakipima mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole na kusimama kila baada ya hatua chache, na wanawake, ambao bado walikuwa na nyumba za kuendesha, walitembea haraka zaidi. Mwanamume akiulizwa amefanya nini tangu asubuhi, alitaja kuamka, kula na kulala, na katikati hakuwa na la kusema.

Nimekutajia hayo ili uache kujiita mvivu, neno ambalo hukuliandika lakini nimelisoma. Muda usiogawanywa na mtu mwingine humchosha kila binadamu. Jahoda baadaye alieleza kwamba kazi, mbali na fedha, humpa mtu mgawanyo wa siku, watu wa nje ya familia, jambo la kufanya pamoja na wengine, nafasi yake katika jamii, na ulazima wa kutenda. Mshahara huwezi kujipa, lakini baadhi ya hivi vingine unaweza kuvitengeneza hata kabla hujaajiriwa.

Anza na simu. Matangazo ya Sekretarieti kwa kawaida huwa wazi kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo kuyaangalia kila saa hakukuongezei chochote. Yaangalie Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine simu ibaki kwa mama. Kutafuta kazi kupewe saa zake, tuseme kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, na kufanyike nje ya nyumba. Maktaba ya mkoa ina meza na utulivu, na hutasimamishwa katikati ili ukanunue nazi. Saa sita ikifika, acha, hata kama barua haijaisha. Anayetafuta kazi kutwa nzima hupumzika akijiona mwenye hatia, na pumziko la namna hiyo halimpumzishi. Mchana fanya jambo ambalo kuna mtu analingoja: hesabu za kikundi cha vikoba cha mama, masomo ya jioni kwa watoto wa mtaa wenu wanaokwenda kidato cha nne, chochote ambacho usipofika mtu atauliza.

Harusini usikae uani. Ukiulizwa uko wapi siku hizi, jibu: "Natafuta kazi ya hesabu, ukisikia nishtue." Sentensi hiyo inamaliza udadisi wa muulizaji, na papo hapo inamgeuza kuwa yule mtu wa mara moja moja aliyetajwa na mzee hapo juu. Kwa kujificha unawakwepa hao hao wanaoweza kukusaidia.

Na kama usingizi umekatika, chakula hakipiti, na jambo lolote halikupi furaha kwa wiki mbili mfululizo au zaidi, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ukaonane na daktari, ueleze kama ulivyotueleza sisi. Hilo halingoji ajira.

Binti Makorora anaandika:

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. Nimemsomea mama sehemu ya Msimamizi wa Leja na amefurahi sana kuona ana wakili.

Nimeamua kwenda kuongea na mwenye duka, nikiwa na karatasi ya ukurasa mmoja kama nilivyoelekezwa, na sharti la kuhesabu mali kabla sijapokea ufunguo. Kinachonitia wasiwasi ni namna ya kumwomba muda wa masomo. Ni mtu mzima, rafiki wa baba, na nikimwambia mapema kwamba nasomea CPA ataona namtumia kama daraja. Nikinyamaza, mwezi wa mtihani utafika na nitaonekana msaliti.

Pia jana nimepokea ujumbe kwamba jina langu limechaguliwa kwa kazi ya uhasibu katika mradi wa bomba la mafuta Chongoleani, nitume fedha ya fomu na ya vipimo vya afya. Sikumbuki kuomba huko. Kuna anayeujua utaratibu wao?

Karani wa Zamani anajibu:

Huo ujumbe ni wa matapeli, mwanangu. Usiwajibu wala usiwatumie namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Tangu zianze habari za bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kila mwenye simu amekuwa ofisa ajira. Mtu hachaguliwi kwa kazi asiyoiomba, na mwajiri wa kweli hakutozi fedha ili akuajiri.

Kuhusu mwenye duka, mwambie mapema, tena mbele ya baba yako ikiwezekana. Mtu mzima wa hapa kwetu hachukii kijana kusoma, anachukia kushtukizwa. Sema hivi: "Mjomba, nasomea mitihani ya bodi ya wahasibu, na niliyojifunza nitayatumia kwenye vitabu vyako. Naomba nitoke saa kumi jioni siku mbili kwa wiki, na siku za mtihani zenyewe nizihesabu kwenye likizo yangu." Liandike hilo kwenye ile karatasi, chini ya saa za kazi. Akikataa kabisa jioni hizo mbili, umepata jibu la swali la mama yako bila kugombana na mtu.

Mwana Mgandini anajibu:

Naongeza neno kwa upande wetu wenye maduka. Mwombe uanze tarehe ya kwanza ya mwezi, isiwe katikati, ili ripoti za Z na daftari la mauzo vianze siku moja na mkono wako. Na uchague jioni za Jumanne na Jumatano kwa masomo. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku mafundi wanalipwa na kuja kupunguza madeni, na siku hizo hakuna tajiri atakayekuruhusu uondoke saa kumi.